Kompyuta Imejibu, Lakini Imeulizwa Nini?

Ndugu watafiti na wanafunzi, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikisema haya, na nitayarudia kwa kuwa bado ninaletewa nishati za molekuli zilizokokotolewa kwa kompyuta, zenye tarakimu sita baada ya nukta, pasipo neno hata moja kuhusu makadirio yaliyozizaa.

Mlinganyo wa Schrödinger, unaoeleza mwenendo wa elektroni katika atomu na molekuli, tunao tangu 1926. Atatokea wa kuuliza kwa nini tusitafute kompyuta kubwa zaidi tukautatua wote. Haya, tuhesabu. Mahali pa elektroni 10 panaelezwa kwa vigeu 30. Tukiridhika na nukta 10 tu kwa kila kigeu, tutahitaji kuhifadhi namba ambazo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sufuri 30. Ndiyo maana tunawashukuru Hohenberg na Kohn (1964), waliothibitisha kwamba msongamano wa elektroni, yaani jinsi zilivyosongamana katika kila nukta, wenye vigeu vitatu tu, unatosha kutupatia nishati ya hali ya chini kabisa, kisha Kohn na Sham (1965), waliotupa njia ya kuikokotoa. Nadharia hiyo, ya kukokotoa kwa msongamano, ni kamili. Ila kipengele chake kimoja, kinachohusu jinsi elektroni zinavyoathiriana, hakijulikani umbo lake halisi, nasi tunakikadiria.

Sasa chukueni protoni mbili na elektroni moja, kisha zitengeni protoni hizo mbali sana. Jibu lapasa kuwa nishati ya atomu moja ya hidrojeni, takriban elektronivolti (kipimo cha nishati cha ngazi ya atomu) −13.6. Elektroni hiyo haina mwenzake wa kusukumana naye, lakini katika makadirio yetu ya kawaida inajisukuma yenyewe, na kosa hilo halifutiki lote. Elektroni ikigawanywa nusu kwa nusu kati ya protoni, nishati hushuka kupita kiasi. Elektroni moja tu, na tumekwama! Kompyuta kubwa italirudia kosa hilo hilo, ila kwa kasi zaidi.

Msiniambie kwamba huo ni mchezo wa darasani. Oksidi ya kobalti ni kihami, yaani haipitishi umeme, lakini makadirio sahili huiita metali. Pengo la nishati la silikoni, yaani nishati ambayo elektroni huhitaji ili iweze kupitisha umeme, ni elektronivolti 1.1, lakini kwa makadirio hayo hutoka karibu nusu yake, ingawa hapo ipo pia sababu nyingine ambayo leo naiacha.

Zipo mbinu sahihi zaidi, lakini ile inayosifiwa kuliko zote kwa molekuli, kazi yake ya ukokotozi hukua kwa kipeo cha saba cha ukubwa wa molekuli: molekuli ikiongezeka maradufu, kazi huongezeka mara 128. Na wanaofundisha mashine kwa data zetu waulize kwanza data hizo zilikokotolewa kwa makadirio yapi, maana mashine hujifunza makosa yetu kwa uaminifu mkubwa.