Jinsi ya kukausha mmea wa maharagwe kwa ajili ya hebariamu

Haya wapendwa karibuni, leo tuko shambani hapa Mbale, tunakausha mmea wa maharagwe, mmea mzima sio mbegu za kupika, ukae hebariamu, yaani ghala la mimea iliyokaushwa kwa kumbukumbu, miaka na miaka.

Kabla hujang'oa kitu toa daftari na penseli! Andika rangi ya ua likiwa bichi, maana likikauka linafifia na hakuna mtu atajua tena kama lilikuwa jeupe au zambarau, halafu mahali, mwinuko (simu inakuonyesha), tarehe, namba yako ya kukusanya (ile unayoipa kila sampuli unayochukua), kama mmea unatambaa au unasimama wenyewe, na jina ambalo mama mwenye shamba analiita, iwe Nambale, Kanyebwa au la hapo kijijini tu. Hilo jina naomba msiliache kabisa, ukiandika Phaseolus vulgaris, jina la kisayansi la maharagwe, peke yake umeweka spishi lakini ile aina aliyoitunza huyo mama imepotea.

Sasa chagua mmea wenye maua na maganda pamoja. Ng'oa na mizizi, kung'uta udongo, ubane hapo hapo kwenye gazeti kwa sababu maua yake yananyauka haraka sana. Ukiwa mrefu ukunje kwa umbo la N. Geuza jani moja upande wa chini uonekane, na ua moja lifungue, utaona petali za chini zimejiviringisha mzunguko mzima, kwa kunde huoni hivyo. Ganda nene lipasue na wembe, mbegu zilizokomaa tia kwenye bahasha ya karatasi.

Panga gazeti, katoni, gazeti, katoni, mbao juu na chini, kaza na mpira wa kufungia mzigo kwa boda. Magazeti badilisha kila siku, mvua ikiwa nyingi hata mara mbili, la sivyo ukungu unaingia.

Ukishakauka funga ndani ya nailoni uweke friza ya nyuzi -20 wiki moja, hapa usifanye haraka, fukusi anakaa ndani ya mbegu na humuoni mpaka ameshatoboa. Ukitoa, acha ubaridi uishe kwanza ndio ufungue nailoni.

Mwisho bandika kwenye karatasi ngumu isiyo na asidi, kama sentimita 42 kwa 29, shina nene lishone na uzi, lebo yenye yale uliyoandika daftarini kona ya chini kulia, bahasha pembeni. Kama ulibana mimea miwili ya shamba hilo hilo, mmoja uombe wapokee hebariamu ya Makerere, na namba iwe ile ile kwa yote miwili.