Fuateni Herufi, Siyo Macho

Wakubwa zangu shikamooni, na walimu wenzangu wote habari za asubuhi. Kwamba pembe za ndani za pembetatu zinajumlisha nyuzi 180, sitalirudia. Nimekuja na lile lile la herufi: mpangilio wake tunapotaja pembetatu mbili zinazofanana, yaani zenye umbo moja hata kama ukubwa ni tofauti. Wapo hapa Mbeya waliokwisha kunisikia. Watavumilia, maana madaftari bado hayajapona.

Andikeni. Pembetatu ABC: AB sentimita 4, BC 6, CA 5. Pembe A ni nyuzi 83 na B ni 56, kwa makadirio. Pembetatu PQR: PQ sentimita 10, QR 8, RP 12. Pembe P ni ngapi?

Mwanafunzi anaandika 83. Kwa nini? Kwa sababu A imetangulia kule na P imetangulia huku. Basi! Hajagusa upande hata mmoja. Pande za PQR ni mara mbili ya za ABC, kwa hiyo pembetatu hizi zinafanana na kila pembe ina mwenzake wa kulingana naye. Mwambieni atafute upande mrefu kuliko yote: BC kule, RP huku. Pembe inayoutazama BC ni A, inayoutazama RP ni Q. Kwa hiyo A na Q ni sawa. Upande mfupi AB unatazamwa na C. QR unatazamwa na P. Basi P ni sawa na C: 180 toa 83 toa 56, nyuzi 41. Sasa ndipo aandike kwamba ABC inafanana na QRP. QRP, jamani, siyo PQR! Akishaandika hivyo, herufi zenyewe zinamwonesha pembe ipi ni ya ipi, hata mchoro ukipinduliwa.

Kuna atakayeniuliza, "Mwalimu, si waangalie tu mchoro?" Hapana. Mwangalieni fundi anayepiga kenchi ya paa kwa mbao za Mafinga. Ubao wa wima katikati unaacha pembetatu mbili zinazolingana kabisa, umbo na ukubwa. Mwinuko ukiwa nyuzi 30, penye ubao wa wima ni 90, kileleni 60 kila upande. Lakini ya kulia imegeuzwa. Anayefuata macho anaona kona ya chini kushoto ni 30, anaiandika 30 kwenye kona ya chini kushoto ya pembetatu ya kulia. Pale pana 90!

Naona naoneshwa saa. Haraka basi: pembe tatu kuwa sawa kunathibitisha kufanana tu, siyo kulingana, PQR yetu ina pande mara mbili ya ABC. Na mkipewa pande mbili na pembe isiyo katikati yake, tahadharini, pembetatu mbili tofauti zinaweza kutoka hapo. Hilo linataka mchoro. Mwenye swali anifuate ubaoni wakati wa chai.