Mweupe atoke, mweusi abaki: niko kwenye metro ya Ceilândia

Wadau, mambo! Leo kelele mtanivumilia, niko ndani ya metro, natoka katikati ya Brasília, mji mkuu wa Brazil, naelekea Ceilândia.

Tuanze na hilo jina. Mimi nilidhani ni la mtakatifu fulani. Kumbe CEI ni kifupi cha Kampeni ya Kutokomeza Uvamizi! Mji mkuu ulizinduliwa 1960. Ilipofika 1971, serikali ikawazoa makumi ya maelfu ya watu kwenye vibanda vya jirani, wengine ndio walioujenga huo mji kwa mikono yao, ikawamwaga huku, kilomita zaidi ya 20. Yaani ubomolewe Kimara, upelekwe porini, halafu mtaa wako mpya uitwe Bomoabomoa.

Sasa kuna filamu ya 2014 ya Adirley Queirós, mtu wa hukuhuku: *Branco Sai, Preto Fica*. Mweupe atoke, mweusi abaki. Ni amri ya polisi walipovamia disko la Quarentão mwaka 1986. Weupe wakaenda zao. Waliobaki, sasa... Marquim anatembelea kiti cha magurudumu hadi leo. Shokito alipoteza mguu. Wote wawili wanacheza humo ndani, na miili yao ileile.

Kuna sehemu nimeirudia mara nne. Marquim yuko peke yake na maiki, anasimulia usiku ule kana kwamba unatokea sasa hivi. Muziki, staili, washikaji. Mara sauti inageuka, yeye ndiye polisi. Cha kuona ni picha za zamani tu, hakuna mtu anayeigiza kupigwa. Mimi nilishika kiti.

Halafu wakaiingizia mambo ya kubuni: kuingia Brasília kunahitaji paspoti, na kuna jamaa katoka miaka ya mbele, anasafiri ndani ya kontena, anatafuta ushahidi wa kuishtaki serikali. Mnacheka? Mimi paspoti ninayo. Wiki yangu ya pili hapa nilialikwa chakula kwenye ghorofa moja, nimevaa shati langu la sikukuu, mlinzi akaninyooshea kidole kwenye lifti ya nyuma, ile ya mizigo na wafanyakazi. Hakunikaripia hata kidogo, kidole tu. Nikapanda na ndoo ya deki. Nyumbani kwa Marquim nako kuna lifti, ya vyuma, ya kumshusha na kiti chake, na kamera inamsubiri mpaka afike chini. Nilipoiona nikaikumbuka ile ndoo.

Mwisho wanatengeneza bomu la sauti, muziki wa Ceilândia wa kuilipua Brasília. Mlipuko wenyewe huuoni. Unaona michoro ya mkono, kaichora Shokito: majengo ya serikali yanawaka.

Haya, kituo changu hiki. Nashuka.