Kiatu cha Kushoto

ZUHURA: Karibuni tena. Leo kaka Hamadi kaja na mambo matano kuhusu asasi za hiari na ustawi wa jamii. Kayaandika kabisa, karatasi ninaiona.

HAMADI: Kwanza kiatu.

ZUHURA: Haya tena.

HAMADI: Jumamosi nilikuwa stoo ya asasi moja, tunapanga nguo za msaada. Gunia la kwanza kufungua: kiatu chekundu cha kisigino kirefu, cha kushoto. Mwenzake hayupo, nimepekua mpaka chini.

ZUHURA: Aliyekitoa kasaidia nusu.

HAMADI: Cheka, ila kiatu kile kimelipiwa nauli, kimekula nafasi, na mtu kapoteza muda akikitafutia mwenzake. Viatu vifungwe jozi palepale vinapopokelewa. Nguo zitengwe: watoto, wanawake, wanaume, kisha kwa saizi. Gunia moja, saizi moja. Karatasi ya maelezo ibandikwe nje na nyingine itiwe ndani, maana ya nje huchanika njiani. Ukichanganya, siku ya ugawaji foleni inasimama watu wakipimishia suruali kiunoni.

ZUHURA: Ndiyo maana mimi nasema toeni pesa. Mtu atanunua saizi yake, kulia na kushoto.

HAMADI: Pesa inanunua kilichopo. Barabara ikikatika na duka likiwa tupu, inapandisha bei tu. Kabla ya kugawa pesa, pita sokoni: bidhaa zipo? Wauzaji wangapi? Wanaweza kuongeza mzigo, na kwa muda gani? Wakiwa wawili tu, watapanga bei wanavyotaka.

ZUHURA: Soko huamka mapema kuliko unavyodhani. Wewe unatetea stoo.

HAMADI: Natetea aliyelowa usiku wa leo. Huyo hangoji tathmini ya soko.

ZUHURA: Blanketi lililoagizwa sina ugomvi nalo. Nazungumzia vitu visivyoombwa. Aceh, kule Indonesia, baada ya tsunami ya 2004, zilifika dawa nyingi zenye maelezo ya lugha ambazo wahudumu wa huko hawakuzisoma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda inapofika nchini. Ikipungua hapo, utalipia kuisafirisha na utalipia kuiteketeza.

HAMADI: Dawa si nguo, dada.

ZUHURA: Na kiatu cha kushoto si kiatu.

HAMADI: Ngoja nikuulize. Umetuma pesa kwa simu. Bibi laini yake imesajiliwa kwa jina la mjukuu, na simu anayo mjukuu. Pesa imemfikia nani? Blanketi namkabidhi mkononi, anaweka dole gumba.

ZUHURA: Na mwandikishaji akijaza shemeji zake daftarini? Dole gumba halizuii hilo. Orodha ibandikwe hadharani kabla ya ugawaji, watu waseme nani kaachwa na nani hata hakai hapo. Malalamiko apokee mtu mwingine, si yule aliyeandikisha.

HAMADI: Penye vita usibandike. Jina ukutani linaweza kumuua mtu.

ZUHURA: Hapo sawa, tafuta njia nyingine. Lakini la pesa sikuachii.

HAMADI: Wala mimi.

ZUHURA: Naonyeshwa vidole viwili huku, dakika mbili. Mambo matano?

HAMADI: Sijagusa hata moja! La kwanza ni nani anawajibika, serikali au asasi.

ZUHURA: Hilo la dakika mbili? Soma viwango basi.

HAMADI: Viwango vya chini vya Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura: maji lita 15 kwa mtu kwa siku. Nafasi yenye paa, mita za mraba 3.5 kwa mtu. Choo kimoja kwa watu 20, vya wanawake vitengwe, viwe na komeo kwa ndani na taa...

ZUHURA: Muda, kaka.

HAMADI: Komeo, Zuhura! Mlango unawekwa, komeo linasahauliwa, wanawake hawaendi, halafu ripoti inasema vyoo vipo...

ZUHURA: Wiki ijayo. Kwaherini.