Saini ya kashe inakwambia nani, haikwambii nini

Haya jamani tuanze, waliokaa nyuma sogeeni mbele kidogo. Leo naongelea kashe za binari za Nix, yaani seva zenye programu zilizokwisha kujengwa, jinsi ya kuzisaini na jinsi ya kuzijaribu, na hiyo ya pili ndo imenileta hapa, maana naona watu wanasaini vizuri kabisa halafu hawajaribu, au wanajaribu mahali ambapo jaribio haliwezi kufeli hata iweje.

Tuelewane kwanza. Nix ni zana ya kusimika programu: inajenga programu kutoka kwenye sosi kodi na kuiweka ndani ya /nix/store, na jina lake linaanza na hashi ya herufi 32, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye data. Kujenga kitu kizito kama Chromium kwa laptop ya kawaida ni masaa na masaa, ndo maana kuna kashe, mwenzio ameshajenga we unashusha tu. Sasa wengi wanadhani ile hashi kwenye jina inawalinda. Hapana. Kwa kawaida imepigwa kutokana na vilivyoingia, yaani sosi, kompaila na maelekezo ya kujenga, haitokani na kilichotoka. Kwa hiyo seva mbaya inaweza ikakupa jina sahihi herufi kwa herufi na ndani yake kuna uchafu, na hapo ndo saini inapohitajika.

Kila paketi kwenye kashe ina kifaili chake kidogo cha maelezo, narinfo, na ndani yake kuna mstari wa Sig, saini ya kidijitali ya aina ya Ed25519, inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri na kukaguliwa kwa ufunguo wa wazi. Kinachosainiwa ni njia ya paketi, hashi ya kile kifurushi chote kabla hakijagandamizwa, ukubwa wake, na orodha ya paketi zingine inazozitegemea. Anwani ya kushushia haimo, aina ya mgandamizo nayo haimo, na mimi huu uamuzi naupenda sana, kwa sababu unaweza ukagandamiza upya, ukahamisha seva, saini ikabaki ileile. Kwetu huku hilo ni kubwa jamani. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Kenya na Tanzania intaneti ilikuwa ya kubahatisha. Chuo kikiwa na nakala ya kashe ndani ya maabara, wanafunzi wanashusha kwa waya wa ndani, na hakuna anayelazimika kumwamini msimamizi wa ile seva, saini imekuja na paketi kutoka kule ilikojengwa.

Sasa kujaribu. Mtu anatengeneza ufunguo, anasaini, anapandisha paketi kwenye kashe, halafu kwenye mashine ileile iliyojenga anaandika amri ya ukaguzi, nix store verify, inapita, anafurahi. Hilo si jaribio. Paketi uliyoijenga mwenyewe Nix inaiamini moja kwa moja bila saini yoyote, na tena haishushi chochote kwa sababu tayari iko kwenye stoo. Jaribu kwenye mashine tupu ambayo haijawahi kuiona hiyo paketi, kontena mpya, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya mashine yako, inatosha.

Na usiishie kwenye kuona inashuka, ona inakataa! Mlinzi wa geti humjui mpaka umpelekee mtu asiye na kitambulisho. Badilisha herufi moja kwenye NarHash, ile hashi ya kifurushi ndani ya narinfo, mashine ikatae. Toa ufunguo wa wazi kwenye trusted-public-keys, orodha ya funguo ambazo mashine inaziamini, ikatae. Weka kifurushi cha paketi A mahali pa B, ikatae. Ikikubali hata moja, nenda kaangalie kama kuna mtu alizima require-sigs, mpangilio unaolazimisha saini, siku aliyokuwa na haraka, maana hiyo naiona mara nyingi mno, na angalia pia nani yumo kwenye trusted-users, mtu wa humo ana nguvu karibu sawa na root, msimamizi mkuu wa mashine.

Kuna kitu kitakusumbua hapa: Nix inakumbuka majibu ya narinfo. Ikiambiwa paketi haipo inakumbuka saa nzima, ikiambiwa ipo inakumbuka siku 30. Kwa hiyo umeharibu narinfo kwa makusudi, unajaribu, inakubali, unapaniki, kumbe inasoma jibu la zamani. Kati ya jaribio na jaribio futa ile kumbukumbu iliyoko ~/.cache/nix, kama unaendesha kama root basi ni ya root.

Haya, tuseme yote yamepita. Bado hujajua ndani kuna nini. Mwaka 2020 ile kesi ya kampuni ya SolarWinds, masasisho ya Orion, programu yao ya kusimamia mitandao, yalikuwa na saini halali kabisa, wavamizi walikuwa ndani ya mfumo wa kujengea, sosi ikibadilishwa wakati wa kujenga, na wateja kama 18,000 wakashusha. Saini ilisema ukweli kuhusu nani, basi. Dawa ni kujenga upya mahali pengine na kulinganisha. Kwenye Nix ni nix-build --check, ukiongeza --keep-failed inakubakizia lile toleo lililotofautiana, unalifungua kwa diffoscope, zana ya kulinganisha mafaili, na mara nyingi utakuta ni tarehe tu imeingia kwenye faili au mpangilio wa majina ya mafaili, lakini huwezi kusema ni tarehe tu kabla hujaangalia. Guix, zana inayofanana na Nix, wana amri yao kabisa, guix challenge, inalinganisha ulichojenga wewe na walichonacho seva mbalimbali. Mkiwa na wajenzi wawili wasiotegemeana, kila mmoja na ufunguo wake, nix store verify inakubali --sigs-needed 2, na hapo ndo saini zinaanza kuwa na uzito ninaoutaka.

Mwisho, ufunguo wa siri. Usiuweke kwenye seva ya wavuti inayogawa kashe, haina kazi nao. Nix haina njia ya kutangaza kwamba ufunguo umeibiwa, kwa hiyo ukivuja ni kuutoa kwenye kila mashine moja moja, na mara moja. Kama unabadilisha tu kwa utaratibu, upe mpya jina lenye namba inayofuata, paketi moja inaweza kubeba saini kadhaa, kwa hiyo paketi za zamani zisaini upya kwa nix store sign --recursive, acha zote mbili zikae pamoja mpaka mashine zote zimepata ufunguo mpya, ndipo uutoe ule wa kwanza, na ukishautoa rudia lile jaribio la kukataa ukitumia paketi yenye saini ya zamani peke yake.