Teke la bastola: maongezi niliyotoa Soweto, Mbeya

Wengi mliniomba niyaandike, haya nimeyaandika kama nilivyoongea, nikirukaruka msishangae, hata siku ile nilirukaruka.

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja na baridi hii, mwezi wa saba Mbeya mtu kutoka kitandani Jumamosi saa mbili ni ushujaa, naona kuna mzee pale kavaa makoti mawili na blanketi la kimasai juu yake, mzee uko sawa kabisa. Hiyo baridi msiisahau, ntairudia baadaye maana inahusika na bastola kuliko mnavyodhani.

Mada yetu ni teke. Lile bastola inalokupiga nalo ukishafyatua, mtutu unaruka juu, mkono unashtuka, na wengine macho yanafumba kabisa. Najua humu ndani kuna wenye leseni zao, kuna walinzi, kuna wafanyabiashara wa Mwanjelwa walionunua bastola wakaiweka kwenye sefu na hawajawahi kuipiga zaidi ya mara mbili kwa sababu mara ya kwanza iliwatisha. Habari za sheria siziongelei leo, ila kwa kifupi tu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo, huna leseni huna bastola, na mazoezi ni kwenye renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, iliyoruhusiwa, sio nyuma ya shamba la viazi kule Uyole. Tumemaliza hilo.

Nianze na nyie vijana mliopita JKT. Mmepiga SMG, ile bunduki ya kijeshi, kule Mafinga au Itende, mkarudi mnasema bastola ni mchezo wa watoto. Afu tukienda renji nyie ndo mnaongoza kwa kupiga udongo. Sababu ni kwamba SMG ina kitako, kitako kimeegemea bega, nyuma ya bega kuna mwili mzima, kwahiyo teke linapokelewa na kilo sabini za mtu. Hata gobore la babu, na lile linapiga teke kama punda, lakini ni bega linapokea. Bastola haina kitako. Inashikiliwa na viganja viwili na vifundo viwili vya mikono basi, na mbaya zaidi mtutu wenyewe umekaa juu ya mkono sio usawa wa mkono, kwahiyo risasi ikitoka mbele bastola inarudi nyuma huku inazunguka kwenda juu. Ni kama umeshika mpini wa jembe kwa chini afu mtu akaupiga kichwani, lazima uzunguke. Ukiushika karibu na kichwa, hauzunguki sana. Shikeni hiyo picha.

Sasa teke lenyewe lina ukubwa gani? Tupige hesabu kidogo. Risasi ya 9 mm ya kawaida ina uzito wa gramu 8 hivi, inatoka kwa mwendo wa kama mita 350 kwa sekunde. Bastola kama Glock 17 ikiwa imejaa risasi inakaribia gramu 900. Ukipiga hesabu, nguvu inayokuja mkononi mwako ni sawa na pakiti ya sukari ya nusu kilo uliyoidaka baada ya kuanguka mita moja. Nusu kilo ya sukari! Nani hapa hawezi kudaka nusu kilo ya sukari? Mjukuu wa darasa la tatu anadaka. Tofauti ni kwamba ile sukari unaiona ikija, na haiji na mlipuko mbele ya pua yako.

Na hapo ndipo shida ilipo jamani. Mkono hauumizwi na teke, mkono unaogopa kelele. Mwili unasikia bomu, unajifunza kwamba kidole kikivuta triga bomu linakuja, basi mara ya pili unajikunja KABLA. Unasukuma bastola chini kuzuia teke ambalo bado halijaja, na risasi inaenda chini, kwa mtu wa mkono wa kulia mara nyingi chini kushoto. Mtu anasema sight, kile kialama cha kulengea juu ya bastola, imekaa vibaya. Sight iko poa, ni wewe.

Mimi yalinikuta. Siku yangu ya kwanza mwalimu alinipa bastola, hakunipa kitu cha masikioni, akasema mwanaume utazoea. Risasi ya kwanza ikapiga katikati kabisa, watu wakashangilia. Ya pili ikapiga udongo mita tatu mbele ya shabaha. Ya tatu sijui ilikwenda wapi mpaka leo. Nikarudi nyumbani masikio yanalia nziiii, siku mbili, mke wangu ananiita chakula namwambia nini, ananiita namwambia nini. Sikuzoea chochote, mwili ulizoea kuogopa tu, na kuutoa ule woga kulinichukua karibu mwaka.

Kwahiyo nikiulizwa dawa ya kwanza ya teke ni nini sianzi na mikono, naanza na masikio. Mlio wa bastola unafika kama desibeli 160 hivi, na wataalamu wa usalama wanasema mlipuko wa desibeli 140 tayari unaharibu sikio, hapo hakuna uanaume. Vaeni vyote viwili, vizibo vya sponji ndani na hedifoni za kuzuia kelele juu yake. Na vizibo wengi mnaviweka vibaya, mnakichomeka tu kinaning'inia kama hereni. Angalieni hapa: kizungushe kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama kijiti cha kiberiti, mkono mwingine upitishe nyuma ya kichwa uvute sikio juu, ingiza, afu kishikilie na kidole uhesabu mpaka thelathini kivimbe humo humo ndani. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa kama unaongea ndani ya pipa, kimekaa. Na kama renji ina banda la bati usisimame chini ya bati, kelele inagonga juu inakurudia. Watu nimewabadilisha kwa vizibo tu, sijagusa mkono wao, shabaha ikatulia.

Haya sasa mikono. Nimekuja na hii ya plastiki ya bluu, haipigi, msiinamie. Mkono wenye nguvu unapanda juu kabisa, hapa kwenye ukingo chini ya mkia wa bastola, nyama ya kati ya dole gumba na kidole cha kwanza ijae mpaka isibaki nafasi. Kumbukeni jembe. Kila sentimita mkono unaposhuka mtutu unapata nguvu ya kuzunguka. Mkono wa pili, na hapa wengi mnakosea, sio wa kuweka chini kama kisosi cha chai. Angalia upande wa kushoto wa kishikio, pale ambapo vidole vya kulia havijafika, pamebaki uwazi. Kisigino cha kiganja cha kushoto kinaziba pale, vidole vinafunga juu ya vidole vya kulia, madole gumba yote mawili yanaangalia mbele, kifundo cha kushoto kimeinama kidogo kuelekea shabaha. Dole gumba lisivuke NYUMA ya slaidi, lile chuma la juu ya bastola, slaidi inarudi kwa kasi, itakuchana, nina alama hapa njooni muione baadaye. Na wenye rivova, zile bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka, madole yenu yasikae karibu na ile silinda kwa mbele, kuna moto na gesi unatokea pembeni.

Kubana kiasi gani? Mkono wa kulia bana kama unasalimiana na baba mkwe, kwa heshima lakini uhisiwe. Wa kushoto ubane zaidi. Ukibana sana wa kulia kidole cha triga nacho kinakakamaa, vyote vinavutana. Mama mmoja wa kutoka Njombe, anafuga ng'ombe wa maziwa, alikuja na vijana wanne wanaobeba vyuma gym, akawapita wote siku ya kwanza. Nikamuuliza mama siri nini, akasema mwanangu mimi nakamua ng'ombe asubuhi na jioni, ukimbana kwa hasira hatoi maziwa. Ule ubanaji wa taratibu usiolegea ndo wenyewe. Na usilegeze kabisa pia, ukilegeza vifundo bastola yote inarudi pamoja na slaidi, slaidi inakosa kitu cha kuegemea, haimalizi safari yake na bastola inajamu, afu unalaumu risasi.

Mwili, haraka haraka. Miguu upana wa mabega, mmoja nyuma kidogo, magoti yamelegea, kifua mbele. Wengi mnasimama mmejinyonga nyuma kama mama mjamzito aliyebeba ndoo, teke likija linawamalizia. Simama kama unasukuma Noah iliyozimika kwenye mlima, ukishasimama hivo hata mtu akikusukuma kifuani hupepesuki. Viwiko visinyooke kabisa.

Na hapa ndo kwenye siri yenyewe: msijaribu kuzuia mtutu usipande. Utapanda, hata kwa bingwa unapanda. Kazi yako ni mikono ibaki vilevile ili urudi wenyewe pale pale ulipotoka. Ukiuzuia unaanza tena ule ugonjwa wa kusukuma chini.

Ugonjwa huo unapimwa hivi. Renji, mwombe mwenzako akupakilie magazini, kile kibebeo cha risasi, achanganye risasi bandia moja au mbili za plastiki usijue ziko wapi. Ukifika kwenye bandia inasema tik, na hapo kama mtutu umezama chini mbele ya watu wote, umejiona mwenyewe, hakuna kubisha. Nyumbani nako, bastola tupu, nasema TUPU, umekagua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole mara tatu, risasi ziko chumba kingine, unalenga ukuta imara wenye upande usio na mtu, unaweka sarafu ya shilingi mia juu ya slaidi karibu na sight ya mbele, unavuta triga taratibu. Sarafu isidondoke. Dakika kumi jioni, inashinda kuunguza boksi la risasi.

Jambo lingine ambalo siruhusu mjadala. Mtu mpya, risasi MOJA kwenye magazini. Teke linaweza kumfanya akaze kidole bila kutaka, ya pili ikatoka mtutu ukiwa umeangalia angani au kwa mtu. Agosti 2014 kule Arizona, Marekani, mtoto wa kike wa miaka 9 alipewa bunduki iitwayo Uzi ikiwa imewekwa kupiga mfululizo, mtutu ukapanda ukamzidi nguvu, mwalimu aliyesimama pembeni yake akafa. Mtoto hana kosa hata chembe, aliyejaza magazini ndo anajua. Kwahiyo moja, afu moja, afu moja, mpaka nione mikono imetulia.

Kuhusu kununua, wanaume mnanunua kubwa kwa sifa na wake zenu mnawanunulia kidogo cha kwenye pochi mkidhani ndo rahisi, kumbe kinyume. Risasi ikiwa ileile, bastola ikipungua uzito nusu, nguvu ya teke inakuwa mara mbili. Ile ndogo ndo inapiga. Anzeni na bastola ya risasi ndogo ya .22 kama ipo, teke lake halifiki hata theluthi ya 9 mm, mwili ujifunze bila woga.

Sasa baridi. Vidole vyenye ganzi havijui vinabana kiasi gani, unadhani umeshika kumbe umegusa. Mikono mfukoni mpaka zamu yako, chai ya tangawizi inaruhusiwa. Ulanzi hauruhusiwi, ndugu zangu wa Iringa nawaangalia nyie, hata ule mtamu mnaosema sio pombe. Na makoti, fungeni kola mpaka shingoni. Ganda la risasi linatoka la moto, likiingia shingoni mtu anacheza ngoma huku kashika bastola. Likiingia, vumilia, mtutu ubaki kwenye shabaha, weka chini kwanza, afu cheza unavyotaka.

Risasi hamsini kwa siku zinatosha, baada ya hapo unafundisha mwili makosa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya mahindi ya kuchoma, kuna vumbi la madini ya risasi pale, ile lead yenye sumu, na wajawazito wakae mbali na renji kabisa.

Kuna swali? ... Ndiyo mzee wangu wa blanketi. Anauliza, ana miaka sitini na kitu, kifundo kinamuuma akipiga kumi tu, aache? Mzee, hebu shika hii ya bluu. ... Mnaona? Bastola imekaa upande, haijanyooka na mfupa wa mkono, teke linapita kwenye dole gumba badala ya kwenda kwenye kiwiko. Zungusha kidogo. Hapo. Sasa mtutu na mkono ni mstari mmoja. Pumzika wiki mbili kwanza mzee, kikiendelea kuuma nenda kwa daktari, kikipoa njoo tuanze na .22, risasi tano, na blanketi uje nalo.