Nani anaizuia seli isile ovyo? Mhadhara wa maikro-RNA na kansa, Moshi

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi hapa Moshi mtu ana harusi, ana msiba, ana sokoni, na bado mmekaa hapa.

Nianze na swali ambalo huku Kilimanjaro naulizwa kila nikitaja kansa: daktari, nikimkatia mgonjwa sukari na ndizi si kansa itakufa njaa? Jamani hapana, msimfanyie mgonjwa hivyo. Ini linatengeneza glukosi lenyewe hata usipokula kitu. Ni kweli Mjerumani Otto Warburg alionyesha tangu miaka ya 1920 kwamba uvimbe unachoma glukosi nyingi mno na kuigeuza asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo, na kipimo cha picha kiitwacho PET kinatumia tabia hiyohiyo kuonyesha kansa ilipo. Ila kuna kansa zinakula sana glutamini, amino asidi iliyo nyingi kuliko zote kwenye damu, na inayoitoa ni misuli yako mwenyewe. Sasa hiyo utaikataje? Utamkondesha mgonjwa tu na uvimbe unaendelea kula.

Mimi swali linaloninyima usingizi ni lingine, kabla seli haijaharibika nani alikuwa anaizuia isile hivyo?

Sehemu ya jibu ni maikro-RNA. Ni vipande vya RNA, ndugu wa DNA, vya herufi kama 22 tu, havitengenezi protini yoyote. Jini, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini, ikisomwa inatoa ujumbe, ujumbe ndo unaenda kutengenezwa protini, sasa maikro-RNA ikiwa imebebwa na protini inaitwa Argonaute inaufuata ule ujumbe, inajibandika kwenye mkia wake, na ujumbe ama hausomwi vizuri ama unakatwakatwa. Waliokulia huku juu wanajua mifereji yetu, msimamizi wa zamu hagusi chanzo cha maji, anabana tu pale maji yanapoingilia shambani kwako. DNA inabaki vilevile, kinachopungua ni kinachofika. Na maikro-RNA moja inaweza kubana ujumbe wa mamia ya jini.

Ya kwanza ilitangazwa 1993 na Victor Ambros na Gary Ruvkun, kwenye mnyoo wa milimita moja, na kwa miaka kadhaa watu wakaona ni mambo ya minyoo tu mpaka 2000 ilipoonekana nyingine, let-7, ipo hadi kwa binadamu. Nobel wameipata 2024.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hii inatuhusu sisi. Limfoma ya Burkitt, kansa ya chembe za kinga, ile ya taya la mtoto, Denis Burkitt aliiandika 1958 akiwa Uganda, inakaa palepale malaria inapokaa. Mara nyingi kromosomu namba 8 inakatika na jini ya MYC, inayosukuma seli ikue na kujigawa, inahamia namba 14, jirani na jini za kingamwili, na kwenye seli B, zile chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, majirani hao wanasomwa muda wote, basi MYC nayo haizimwi tena. Mwaka 2009 watafiti wa Johns Hopkins wakaonyesha, kwenye seli B za maabara na seli za kansa ya tezi dume, kwamba MYC inazikandamiza maikro-RNA mbili, miR-23a na miR-23b. Kazi ya hizo mbili ni nini? Kubana ujumbe wa glutaminase, kimeng'enya kinachoanza kuchambua glutamini ndani ya mitokondria, jiko la nishati la seli! Ukiziondoa, glutaminase inapanda, glutamini inachomwa, seli inapata nishati na malighafi ya kujigawa. Hiyo ni sehemu ya sababu uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Halafu kirusi cha Epstein-Barr kinachokaa kwenye seli hizo nacho kina maikro-RNA zake, kirusi cha kwanza kujulikana hivyo, 2004.

Breki zingine zipo, miR-143 inabana heksokinase 2, kimeng'enya kinachoshika glukosi ikiingia, let-7 inabana RAS, jini nyingine inayosukuma seli ijigawe. Ila msiondoke mkidhani zote ni wema, miR-21 inabana PTEN ambayo yenyewe ndo ilikuwa inazuia ukuaji, kwa hiyo miR-21 ikizidi kansa inakimbia zaidi.

Mtauliza, si turudishe tu breki? Wamejaribu na miR-34, breki nyingine, jaribio likasimamishwa 2016 kwa sababu kinga za wagonjwa zilicharuka vibaya. Kwenye ini RNA za kuzima ujumbe zinafika, dawa ya kwanza ya namna hiyo, patisiran, iliidhinishwa Marekani 2018 kwa ugonjwa mwingine kabisa, lakini kuzifikisha kwenye uvimbe popote ulipo bado ni ngumu sana.

Burkitt haihitaji kusubiri hayo. Kwa sababu inajigawa haraka hivyo, dawa za kawaida za kansa kama siklofosfamidi zinaipiga kwelikweli, mradi mtoto awahi. Taya likivimba na meno yakaanza kulegea, msikae mkimng'oa jino moja moja, mpelekeni hospitali kubwa wiki hiyohiyo.